Jina Lako Kwenye Barafu, Bila Kutoka Shirere

Sogea karibu, ndugu yangu, nikwambie jambo ambalo wapanda milima hawapendi lisikike. Kuacha jina lako juu ya Mlima Kenya hakuhitaji mapafu mazuri, buti wala koti zito. Hakuhitaji hata nauli ya kutoka Kakamega hadi Nanyuki. Njia ya mkato ipo, ni halali, na waheshimiwa wengi wameipita kabla yetu. Unaweza kuifuata ukiwa hapa hapa Shirere, Kakamega, kibarazani, kikombe cha chai mkononi.

Najua unalitaka hilo jina. Usione haya, nami nalitaka. Kijana akinunua bodaboda, kabla hajamaliza kulipa mkopo, jina la mwanawe limeshaandikwa kwenye madigadi. Darasa likijengwa, kibao cha aliyelizindua hung'aa kuliko ubao wa kuandikia. Binadamu hupenda kuitwa, na hupenda zaidi kuitwa akiwa hayupo. Shida ni kwamba pikipiki huuzwa, na kibao hung'olewa uongozi ukibadilika. Mlimani hakuna uchaguzi. Basi tuanze.

Hatua ya kwanza: usipande

Usifanye lolote. Huu ndio msingi, na yeyote asikushawishi vinginevyo.

Chukua mfano mkubwa kuliko yote. Kati ya kilele cha Nelion na kile cha Lenana kuna mto wa barafu uitwao Lewis. Mto wa barafu ni theluji iliyoanguka mwaka baada ya mwaka, ya juu ikaikandamiza ya chini mpaka ikawa barafu ngumu, kisha uzito wake wenyewe ukaanza kuiteremsha polepole, kama uji mzito kwenye sinia lililoinamishwa. Kwa macho hutaona ikisogea. Ukichomeka kijiti leo na kurudi mwaka ujao, utakuta kimehama. Ukiilinganisha na barafu za ncha za dunia, Lewis ni kipande tu cha kutafuna. Kwenye Mlima Kenya, ndiyo iliyokuwa kubwa kupita zote.

Lewis mwenyewe ni nani? Henry Carvill Lewis alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1853. Alikuwa mwanajiolojia, mtu wa kufuata nyayo za barafu zilizokwisha kuyeyuka: mawe yaliyochubuliwa, kokoto zilizosukumwa zikawa vilima, mabonde yaliyokwanguliwa. Alizifuata Pennsylvania, akazifuata Uingereza na Ireland. Alifariki mjini Manchester mwaka 1888, akiwa na miaka 34. Wakati huo hakuna aliyekuwa amefika kilele cha Mlima Kenya, na yeye hakuwahi hata kuuona kwa mbali. Leo kila mwanafunzi anayesoma habari za barafu za nchi za joto hukutana na jina lake.

Vilele navyo ni hivyo hivyo. Batian, mita 5,199, ni jina la Mbatian, laibon mkuu wa Wamaasai. Nelion, mita 5,188, ni la Nelieng, ndugu yake. Lenana, mita 4,985, ni la Olonana, mwana wa Mbatian. Wazee hawa walikuwa na kazi nyingine: kuombea mvua, kubariki vita, kuonya watu juu ya yajayo. Hawakukwea mwamba wowote wa barafu, na bado wamekaa juu yetu sote.

Hatua ya pili: uwe na rafiki mwenye penseli

Hapa ndipo siri ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jina halikai mlimani kwa sababu mtu anastahili. Linakaa kwa sababu mtu fulani, siku fulani, alitoa daftari akaliandika, na daftari hilo likafika kwa mchapishaji wa ramani. Kwenye Mlima Kenya penseli za mwanzo zilishikwa na watu wachache. Mmoja ni J. W. Gregory, mwanajiolojia kijana aliyefika kwenye barafu mwaka 1893. Mwingine ni Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia wa Oxford, aliyefika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899. Hao na waliochora ramani baada yao ndio waliotuachia barafu ya Lewis, ya Tyndall, ya Forel, ya Heim na ya Gregory mwenyewe.

Zingatia hao Forel na Heim. Wote wawili walikuwa Waswisi na wataalamu wa barafu. Albert Heim alichapisha mwaka 1885 kitabu kinene kuhusu elimu ya mito ya barafu. François-Alphonse Forel alichunguza jinsi barafu inavyotiririka, na akapima maziwa ya nchi yake kwa uvumilivu wa mvuvi. Kila mmoja ana mto wa barafu Mlima Kenya, na kila mmoja ana mwingine Antaktika, ambako kamati ya Waingereza inayogawa majina ya huko ilimkumbuka pia. Barafu mbili kila mtu, moja kwenye ikweta na moja kwenye ncha ya kusini ya dunia, bila kulowesha soksi.

Kwa hiyo usitafute urafiki na mwenye misuli. Mtafute yule kimya wa pembeni, anayechora kijiti mchangani wenzake wakibishana. Mnunulie chai na mandazi. Mwulize habari za mama yake. Siku atakapofika mahali pasipo na jina, akili yake itamtafuta mtu aliyemtendea wema, na mtu huyo uwe wewe.

Hatua ya tatu: usipoteze muda Rwenzori

Huko nafasi zilishaisha. Mwaka 1906 alikuja mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi. Kilele cha juu akakiita Margherita kwa heshima ya malkia mama wa Italia, na cha pili Alexandra kwa heshima ya malkia wa Uingereza. Milima mizima ikaenda kwa Stanley, Speke na Baker. Ukifika umechelewa kama mtu aliyekuja kwenye harusi sahani zikisuguliwa.

Hatua ya nne: usiogope kuwa umekufa

Wengine husita hapa. Wasisite. Sisi watu wa Kakamega tunaijua hatua hii kuliko Oxford nzima.

Mtoto huzaliwa, siku tatu analia. Ananyonyeshwa, anatema. Anabebwa, anapigwa kofi dogo la mgongo, analia tu. Ndipo kukhu, bibi wa mji, anapoingia, anakaa kwenye kigoda, anaanza kuita majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeita watu waje kula. Anaita la babu aliyefia vitani. Mtoto analia. Anaita la shangazi aliyekufa bila kuzaa. Mtoto analia. Anaita la mzee mmoja mkali ambaye hakuna aliyemtarajia, na mtoto ananyamaza, anatafuta ziwa, ananyonya. Basi. Jina limepatikana. Nimeyaona haya kwa macho yangu, mtoto akiwa wa dada yangu, na tangu siku hiyo sijaamini kwamba jina ni kibandiko. Ni mtu anayeomba mlango.

Kwa hiyo Lewis aliyefariki kijana, kisha jina lake likapandishwa mlimani miaka michache baadaye na watu wa fani yake, mimi namwelewa vizuri. Alifariki kazi yake haijakamilika. Maandishi yake juu ya barafu za kale za Uingereza na Ireland yalichapishwa kitabuni mwaka 1894, yeye akiwa kaburini. Wenzake walimwita, akaitika kwenye barafu. Hilo ni jambo la kiungwana, na nalisifu.

Nisichokisifu ni kwamba hakuna aliyeuuliza mlima. Kukhu husikiliza kama mtoto amenyamaza. Pale mlimani palikuwa na Wakikuyu, Waembu, Wameru, Wakamba na Wamaasai waliokuwa wakiutazama kila asubuhi, wengine wakiomba wakiuelekea, wengine wakiuelekezea nyumba zao. Mtu angeweza kuuliza. Ukifika zamu yako ya kushika penseli, uliza kwanza. Hakuna njia ya mkato iliyo fupi kuliko hiyo: kuuliza huchukua nusu saa, na huokoa ugomvi wa miaka mia.

Hatua ya tano: ukilazimika kupanda, panda na shoka, usipande na mzigo

Ningependa ubaki nyumbani. Lakini kama damu inachemka, chagua kazi vizuri.

Mackinder alipofika kileleni alikuwa na watu wawili kutoka Courmayeur, Italia: César Ollier na Joseph Brocherel. Hao ndio waliokata ngazi kwenye barafu, pigo baada ya pigo. Sehemu ya juu kabisa, kati ya Batian na Nelion, ilikuwa ngumu kiasi kwamba ikaitwa Almasi. Kwa jasho lao wakapewa mito miwili midogo ya barafu upande wa pili wa mlima, César na Joseph. Tazama tu jinsi ilivyoandikwa: jina la kwanza peke yake, kama unavyomwita mwenzako wa shambani. Ni zawadi ndogo yenye upendo, na majina hayo mawili nayapenda kuliko yote mlimani.

Nyuma yao kulikuwa na msafara wa wapagazi zaidi ya mia moja, Waswahili na Wakikuyu. Walibeba mahema, unga, vyombo vya kupimia na masanduku. Mwaka huo wa 1899 njaa kubwa ilikuwa imeikumba nchi ya Wakikuyu, na chakula cha kambi kilikuwa vita kila siku. Watu waliotoka pwani yenye joto walilala kwenye baridi ya kuganda maji, ili mwingine apate kuandika mita za kilele. Itafute barafu yenye jina la mmoja wao. Tafuta kijito, tafuta jiwe. Mimi nimetafuta kwenye kila ramani niliyoweza kuishika, sikupata hata moja, na jambo hili linaniuma.

Linaniuma zaidi kwa sababu watu wa hapa ndio waliotoa habari ya kwanza. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro, akamwuliza kiongozi wake ni nini kile. Kiongozi hakuwa na neno la theluji, akajibu kwa alichokijua: baridi. Neno moja la Kiswahili, sahihi kuliko vitabu. Mwaka uliofuata, Disemba 3, mwenzake Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, na Waembu wakamweleza kwamba juu kule kuna kitu cheupe kinachoporomoka kwa kishindo. Kitu cheupe, kinasogea, kinaporomoka, kinanguruma: huo ni mto wa barafu umeelezwa kikamilifu. Huko London bwana mmoja msomi, William Cooley, aliendelea kwa miaka kubisha kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta. Wenyeji waliosema kweli hawakupata hata kokoto.

Hatua ya sita: jifunze kushindwa kwa adabu

Hii ndiyo hatua tamu. Watu wengi hudhani jina linapatikana kwa kufika. Mara nyingine linapatikana kwa kutofika vizuri.

Mwaka 1943 Felice Benuzzi alikuwa mfungwa wa vita wa Kiitaliano katika kambi ya Nanyuki. Kila mawingu yakifunguka aliuona mlima kupitia seng'enge. Yeye na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, wakatengeneza vifaa kwa siri kutokana na vyuma vilivyotupwa na kamba za vitanda. Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni karatasi ya mkebe wa nyama yenye picha ya mlima. Wakatoroka Januari. Walikusudia Batian. Barsotti akaugua, Batian ikawashinda wengine wawili, chakula kikaisha. Wakageukia Lenana, wakasimika bendera yao, wakashuka, na kisha, hapa ndipo nawavulia kofia, wakarudi kambini wenyewe. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao. Mkuu wa kambi akawaachia baada ya siku 7. Benuzzi akaandika kitabu, na hadi leo watu wanaohadithia Mlima Kenya humtaja yeye kabla ya wengi waliofika juu zaidi.

Mbinu ni hii, iandike: lenga kilele cha kwanza, ushindwe, ukubali cha tatu kwa furaha ya kweli, urudi ulikotoka, usimulie bila kuongeza chumvi. Wewe na mimi tunajua kwamba karibu kila mtu anayesema amepanda Mlima Kenya amefika Lenana. Hakuna ubaya. Batian na Nelion zinahitaji kamba na ujuzi wa kukwea mwamba. Lenana inahitaji miguu na usingizi mdogo. Sema tu, "Nilifika Lenana." Watu watakupigia makofi yale yale, nawe utalala vizuri.

Hatua ya saba: kagua barafu kabla ya kuweka jina

Sasa nakuomba utulie, kwa maana hapa wengi wameharibikiwa.

Usikubali barafu bila kuuliza hali yake. Mwishoni mwa karne ya 19 Mlima Kenya ulikuwa na mito ya barafu 18. Kufikia 1986 ilikuwa imebaki 11. Barafu ya Gregory imekwisha; jina lake sasa limekaa juu ya mawe matupu. Lewis ilichorwa ramani yake ya kitaalamu mwaka 1934, ikapimwa tena na tena na watafiti walioipenda, na kufikia 2010 ilikuwa imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Kati ya 2004 na 2010 peke yake ilipoteza karibu nusu ya kilichobaki. Mwaka huo 2010 eneo lake lilikuwa kama ekari 26. Ekari 26! Kwa mwenyeji wa Kakamega hilo ni shamba la miwa la mtu mmoja mwenye uwezo. Unaweza kulizunguka kabla chai haijapoa. Baadaye hata hicho kipande kikapasuka vipande viwili.

Chanzo ni nini? Kwanza hewa ya Afrika Mashariki ilikauka mwishoni mwa karne ya 19, theluji mpya ikapungua, jua likapata nafasi ya kuikalia barafu bila wingu la kuikinga. Kisha likaja joto la dunia nzima. Na hapa naomba umkumbuke John Tyndall, mwenye barafu ya jirani. Mwaka 1859, katika maabara yake London, alionyesha kwamba mvuke wa maji na hewa ya kaboni hunasa joto. Miaka mitatu kabla yake, Eunice Foote wa Marekani alikuwa ameshachapisha kwamba hewa ya kaboni ikiwekwa juani hupata joto kuliko hewa ya kawaida. Hakupewa barafu yoyote mlimani kwetu. Tyndall akapewa. Basi mlima wetu ulibandikwa jina la mtu aliyeeleza kitakachoyeyusha barafu yake, na barafu hiyo inayeyuka kwa sababu aliyoieleza. Nikilifikiria hili usiku, sipati usingizi upesi.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya mwaka 2021 kwamba mwendo huu ukiendelea, barafu zote za Afrika zitakuwa zimekwisha kufikia miaka ya 2040, na ya Mlima Kenya muongo mmoja kabla ya hapo. Hesabu umri wa mwanao. Mtoto anayeingia gredi ya kwanza leo, akimaliza shule, huenda akaukuta mlima mweusi.

Na mlima mweusi ni hasara ambayo bado hatujaipigia hesabu. Krapf alipofika Kitui kwa chifu Kivoi, Wakamba waliuita mlima Kiinyaa. Wakikuyu husema Kirinyaga. Wengi huunganisha jina hilo na mbuni dume: manyoya meusi, mabawa meupe, mwamba mweusi, barafu nyeupe. Krapf akaandika alivyosikia, wachapishaji wakaandika walivyosoma, na mwaka 1920 jina hilo likawekwa juu ya koloni zima. Kwa maelezo hayo, jina lililo kwenye kitambulisho chako mfukoni limetoka kwenye rangi ya ile barafu. Barafu ilipewa majina ya Lewis, Tyndall na Heim; sisi, barafu ndiyo iliyotupa jina. Mbuni wetu sasa ananyonyolewa mbele ya macho yetu.

Hatua ya nane: hudhuria matanga

Waaislandi walikuwa na barafu moja ndogo iliyoitwa Okjökull. Mwaka 2014 mtaalamu wao alitangaza kwamba haistahili tena kuitwa mto wa barafu, kwa kuwa imekuwa nyembamba mno kuweza kusogea. Agosti 2019 watu wakapanda hadi mahali pake, wakasoma maneno, wakaweka kibao cha shaba kwenye jiwe.

Mwaka huo huo wa 2014, ngoma yetu ya isukuti, ya Waisukha na Waidakho, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Isukuti hupigwa kwenye harusi, na hupigwa kwenye matanga hadi ardhi itikisike. Sasa nisikilize. Siku barafu ya Lewis itakapokwisha, asiende mtu na kibao cha shaba peke yake. Twende na ngoma: kubwa, ya kati na ndogo. Twende na kukhu mmoja anayejua kuita. Aite Lewis, kwa kuwa amelala pale miaka mingi na si mgeni tena. Aite César na Joseph. Aite Kiinyaa. Kisha aulize, kwa sauti ya kawaida kama anayeita watu waje kula, majina ya wale zaidi ya mia moja waliobeba mizigo, na mwenye babu aliyesimulia safari hiyo ajitokeze na kulitaja jina. Nina hakika wako wajukuu pwani na Nyeri ambao bado wanayo. Atakayesimama na kutaja jina la babu yake pale atakuwa ameingia mlimani kwa mlango wa mbele.

Hatua ya tisa: anza na barafu ya nyumbani

Usingoje hadi wakati huo. Shirere tunayo barafu yetu.

Unajua alasiri za hapa. Asubuhi anga safi, mchana joto la kufunika, kufikia saa tisa wingu limejikusanya upande wa Nandi, jeusi kwa chini, jeupe kwa juu kama mlima ulioota pale pale. Upepo wa baridi unapita chini ya mlango. Kuku wanakimbilia jikoni. Kisha mabati yanaanza kupigwa, tone moja, mawili, halafu mvua ya mawe yote kwa pamoja, na hakuna anayemsikia mwenzake. Mahindi yanachanika. Mama analia mboga zake. Watoto, ambao hawana shamba, wanatoka mbio na sufuria.

Na wewe toka na sufuria. Kila punje uliyoiokota ilizaliwa kilomita kadhaa juu, mahali penye baridi kuliko Lenana. Ikaanza kama chembe iliyoganda, ikarushwa juu na upepo wa wingu, ikavaa koti la maji, likaganda, ikaanguka, ikarushwa tena, mpaka ikawa nzito kuliko upepo unavyoweza kubeba. Ipasue ile kubwa kwa kisu utaona pete ndani yake, kama za kitunguu. Hiyo ni barafu halali, haina mwenyewe, na una kama dakika kumi.

Ipe jina. Usiipe lako, lako litapewa na mtu mwingine, tumeshakubaliana. Ipe la mtu aliyebeba mzigo wako: aliyekulipia karo akauza ng'ombe, aliyekubeba mgongoni hadi hospitali usiku. Litamke kwa sauti juu ya kelele ya mabati. Watoto watacheka, kisha watataka kujua ni nani huyo, na hapo utakaa nao upenuni uwaeleze.

Halafu chukua simu yako. Ipo ramani huria, OpenStreetMap, ambayo tangu 2004 mtu yeyote anaweza kuiandikia. Vijana wa Kibera waliitumia mwaka 2009 kuweka mtaa wao mahali ambapo ramani nyingine zilionyesha nafasi tupu. Ifungue uangalie Shirere. Tafuta kile kijito tunachokivuka kwa ubao. Tafuta ile chemchemi ambayo wazee huiita kwa jina la mwanamke aliyeilinda isichafuliwe na ng'ombe. Kama haipo, penseli unayo. Uliza kwanza kwa wenye umri, wawili au watatu, wakikubaliana andika jina kama wanavyolitamka wao.

Mimi kijito changu nimeshakiandika. Sasa wingu limeanza kukusanyika upande wa Nandi, na naenda kuitoa sufuria.